Mwaka Tuliokula Mbegu

Wewe uliyekulia Kindu miaka yetu, hasa ng'ambo ya mto, mtaa wa Alunguli, utanisamehe nikianza na sauti badala ya sura za watu. Sura nyingi nimezisahau. Sauti ile, hapana. Ilianza kama mtu anayekohoa ndani ya sanduku, ikapanda, ikatulia, kisha ikawa ta-ra-ra-ra-ra bila kukatika, na vumbi la mpunga likaruka juu ya ua wetu likimeta juani. Ukiisikia ulijua mavuno yameingia. Watoto wa avenyu nzima waliacha mpira wao wa majani ya migomba wakaja mbio, kwa sababu aliyefika kwanza ndiye aliyepewa mkono wa chuma kwanza. Naam, sisi tulipigania kazi. Waambie hivyo watoto wa leo, watakuangalia kama simu iliyoishiwa chaji.

Ilikuwa mashine ya kupepeta na kuchambua mpunga. Wazee waliiita tarare, jina walilolikuta kwa Wazungu wa kiwanda cha zamani cha mpunga. Koko, mama mzaa baba yangu, alituhadithia kwamba mume wake alifanya kazi katika kiwanda hicho, na siku kilipofungwa kila mfanyakazi aliruhusiwa kubeba kitu kimoja. Wenzake walibeba meza na mabati. Yeye alipakia tarare kwenye mkokoteni akaisukuma mpaka nyumbani.

"Watu walimucheka njia nzima," Koko alisema. "Walisema, angalia mujinga huyu, ameacha kitanda ya muzungu, amebeba sanduku ya upepo."

Lilikuwa sanduku kweli. Mbao nene, miguu minne, refu kidogo kumzidi mtu mzima. Juu yake palikuwa na mdomo mpana wa kumwagia mpunga. Ndani ya tumbo mlikuwa na mapanga manne ya mbao yaliyozunguka na kutengeneza upepo, na chini yake chekeche mbili za waya zilizotikisika huku na huku mfululizo. Ulizungusha mkono wa chuma, basi, vyote hivyo vikaanza kazi kwa pamoja. Makapi na punje tupu viliruka nje kupitia nyuma, mahali tulipopaita mkiani. Mchanga na mbegu za magugu vilidondoka chini ya tumbo. Na mpunga wenyewe ulitoka kwa midomo miwili ya pembeni: upande mmoja punje nene, upande wa pili punje nyembamba. Nene zilikuwa mbegu. Nyembamba zilikuwa chakula.

Mpaka leo, na umri huu, sijaacha kustaajabu. Sanduku halina macho. Halina vidole. Mama zetu walikaa na ungo kutwa nzima, wanapepeta, wanachagua, mgongo unauma, na bado walikosea. Sanduku lile lilimeza gunia zima na kutema kila kitu mahali pake kabla chungu cha sombe, majani ya mihogo, hakijachemka mara mbili. Sisi watoto tuliamini kabisa kwamba ndani anakaa mtu mdogo sana mwenye mikono mingi. Mdogo wangu Musa alimwonea huruma kwa kufanya kazi bila kula, akamtumbukizia ndizi mbivu. Chekeche ziliganda siku nzima. Baba yetu, Papa, alipofungua tumbo na kuikuta ile ndizi imepondeka kati ya waya, hakujua apige au acheke. Alipiga kwanza, akacheka baadaye.

Papa alikuwa fundi wa reli. Mikono yake ilizoea vyuma vikubwa, lakini nilimwona akiipaka ile mashine mawese kwenye vyuma vyake kwa unyoya wa kuku, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Alitupangia zamu: kila mtoto mizunguko hamsini, kwa kuhesabu Kifaransa kwa sauti, ili shule isipotee. Ukizungusha polepole, makapi yanabaki. Ukizungusha mbio, upepo unarusha hata punje nzuri, kuku wanafanya sikukuu. Papa alisikia kosa lako hata akiwa amekupa mgongo.

"Feza! Mbio ya nini? Kuna polisi nyuma yako?"

Na baada ya kazi, ee, rundo la makapi! Tuliruka ndani yake kama wengine wanavyoruka mtoni, tukazikana mpaka shingoni, kisha tukajikuna siku mbili. Mama alitutisha kwamba hatatupa wali mpya. Hakuwahi kutimiza. Wali wa mavuno mapya, wenye harufu ile inayotoka mpaka barabarani, na samaki wa Lualaba aliyepikwa kwa mawese na pilipili ya kijani! Nimetembea sana maishani. Nimeuza vitenge Kisangani, nimeuza dagaa Kigoma, nimekaa Bukavu na Lubumbashi, sikudumu popote. Wali ule sijaukuta.

Sasa niseme jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Mtu wa Alunguli hana kushoto wala kulia. Ana upande wa mto na upande wa barabara. Ukimwuliza mama yako kisu kiko wapi, atakwambia kiko upande wa mto wa sufuria. Hata mgonjwa kitandani utasikia anaumwa ubavu wa upande wa mto. Tarare yetu ilisimama uani miaka yote mahali pale pale, mkia wake ukielekea bondeni ili makapi yaende na upepo. Mdomo wa mbegu ulikuwa upande wa mto. Mdomo wa chakula ulikuwa upande wa barabara. Tulikuwa na wimbo wetu wa kuruka na kupiga makofi: mbegu mtoni, chakula barabarani. Kazi yangu mimi, nikiwa binti mkubwa, ilikuwa kutandika mifuko. Mfuko uliofungwa uzi mwekundu, wa mbegu, niliuweka upande wa mto. Mfuko mtupu usio na uzi niliuweka upande wa barabara. Niliweza kuifanya hiyo kazi nikiwa nimefumba macho, na mara nyingine niliifanya hivyo hivyo, kwa kujionyesha.

Kisha vita vikaja. Sitavihadithia, ninyi mlikuwepo. Mnakumbuka treni iliposimama na nyasi zikaota katikati ya reli. Mnakumbuka chumvi ilivyopimwa kwa kijiko, na sabuni tuliyotengeneza kwa majivu ya maganda ya ndizi. Papa hakuwa na treni ya kutengeneza tena, akawa mkulima kama wengine. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulijifunza kuishi bila sauti. Wanawake walitwanga kwa kupokezana, taratibu, juu ya gunia lililokunjwa chini ya kinu, kwa sababu wenye bunduki walifuata mlio wa kinu kama nzi wanavyofuata samaki. Na kama kinu kilikuwa hatari, mashine yetu je? Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Kuizungusha uani ilikuwa sawa na kupiga ngoma na kutangaza: njooni, mpunga uko hapa.

Lakini mwaka ule mpunga ulikuwa umetoka vibaya. Tulivuna haraka haraka, huku tunaogopa, punje nzuri na punje mbovu zikachanganyika na magugu na udongo. Nyumba nane za avenyu yetu zilikuwa zimeficha kila moja kidogo chake, chini ya vitanda na ndani ya mitungi. Mvua za kupanda zilikaribia. Ukipanda mchanganyiko ule, nusu ya shamba haioti, na hakuna pa kununua mbegu nyingine, si Kailo wala Pangi, maana njia zote zilikuwa zimefungwa. Ilibidi mbegu nzuri itengwe. Bila hivyo mwaka uliofuata ungekuwa wa njaa kwa nyumba zote nane.

Papa ndiye aliyepata akili. Nyumba yetu ya reli ilikuwa na mabati. Mvua kubwa ikipiga mabati, hata ukipiga kelele mwenzako hakusikii. Basi aliifungua tarare vipande vipande, akaiingiza ndani, akaiunga tena sebuleni. Makapi yangeweza kutokea kwa mlango mmoja tu, wa jiko la nje, uliokuwa kinyume cha bonde, kwa hiyo aliigeuza mashine, mkia ukaelekea mlangoni. Tukangoja mvua.

Ilikuja siku ya tatu, mchana, nzito, mpaka sebule ikawa na giza. Majirani walipita mmoja mmoja chini ya majani ya migomba, kila mtu na beseni lake kichwani. Papa alizungusha mwenyewe, kwa kasi ya mvua. Ikipungua, anapunguza. Ikizidi, anaongeza. Shingo yake ilikuwa imegeukia dirishani muda wote, anasikiliza kama kuna viatu vya kijeshi nje. Mimi nilitandika mifuko. Ta-ra-ra-ra-ra, na juu yetu mabati yakinguruma, na punje zikitiririka gizani pande mbili bila kukosea hata moja. Nasema kweli, niliogopa kwa uzuri wake. Nje dunia nzima ilikuwa imevurugika, hakuna aliyejua nani ni nani, na pale ndani sanduku la mbao lilikuwa bado linajua kizuri na kibaya, linavitenga, halina wasiwasi.

Siku nne za mvua tulimaliza nyumba zote nane. Kila jirani aliondoka na mifuko miwili: wenye uzi mwekundu wa kuficha, na usio na uzi wa kula. Papa alilala usingizi mchana kama mtoto.

Wiki moja baadaye Mama alipika kutoka kwenye mfuko wa chakula. Sufuria lilijaa likainua kifuniko. Wali ulitoka mrefu, kila punje peke yake, unang'aa. Musa alilamba mpaka sahani. Mama alijisifu kwamba mkono wake wa mapishi haujapotezwa na vita. Sote tulikuwa tunacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Koko peke yake aliacha kutafuna. Macho yake yalikuwa yameacha kuona tangu miaka mingi, na siku za mashine hakuingia sebuleni kwa sababu ya vumbi. Alitoa punje mdomoni, akazisugua kwa vidole, akazirudisha mdomoni, akauma.

"Huu wali umetoka mufuko gani?"

"Wa chakula, Mama," Papa akajibu.

"Wa chakula? Punje haikuvunjika hata moja? Inajaza meno hivi? Leteni ule mufuko mwingine. Leteni na maji."

Nilileta ule wenye uzi mwekundu. Koko alitia konzi moja ya mpunga kwenye sufuria la maji. Zilielea karibu zote. Akatia konzi ya ule mfuko tuliokuwa tunakula. Zilizama kama kokoto. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, polepole.

"Munakula mbegu, watoto wangu. Kweli kabisa. Tumekula mbegu."

Papa alisimama, akaiangalia mashine, akaangalia mlango, akaangalia upande wa mto. Nilimwona anavyoelewa. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo: alikuwa ameigeuza. Ukiigeuza mashine, midomo yake nayo inageuka. Mdomo wa mbegu ulikuwa umeelekea barabarani siku zote nne, na mfuko wa uzi mwekundu ulikuwa umekaa upande wa mto kama ulivyokaa miaka yote, unapokea nyembamba.

Na ni mimi niliyeutandika. Hakuna aliyeniangalia.

"Feza, vaa viatu," Papa alisema. "Twende kwa watu kabla hawajatwanga zaidi."

Nyumba nane na yetu ikiwemo, kwa hiyo milango saba. Nilidhani angetafuta maneno. Hakutafuta. Kila mlango alibisha hodi, akavua kofia yake ya reli, akasema maneno yale yale: "Nilikosea mimi. Mufuko bila uzi njo mbegu. Wenye uzi njo chakula. Musitwange tena." Wengine walishika kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna wakati ule ule aliuliza kama ateme. Mwingine alitukana mashine, akasema chombo cha mzungu siku zote kina ujanja wake. Hapo Papa alikasirika kidogo.

"Mashine haikukosea. Ilitupa mbegu nzuri kabisa. Sisi njo tulipeleka ndani ya chungu."

Kati ya mlango wa tano na wa sita sikuweza tena. Nilimshika mkono nikamwambia, Papa, ni mimi niliyetandika mifuko. Aliendelea kutembea.

"Mashine ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi."

Wengi walikuwa wamekula kidogo tu, kwa sababu vita vilikuwa vimetufundisha kula kidogo. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Zaina, mjane, jirani yetu wa Kiislamu. Mume wake alikuwa amefariki karibu miezi miwili nyuma, kwa homa, si kwa risasi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuonyesha mfuko wake usio na uzi. Ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya sanduku. Mtupu. Alikuwa ameupika wote siku ya arobaini ya mumewe.

Alikaa chini. Nilifikiri atalia, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Papa Feza, wageni walisifu muchele yangu mpaka nikaona haya. Walisema Baba Zaina ameagwa kama sultani. Kumbe tulikula mwaka muzima kwa siku moja."

Tulirudi nyumbani, akachukua mfuko wetu, nusu gunia la punje nene lililobaki, akaupandisha begani. Koko akamfokea.

"Na sisi tutapanda nini? Mavi ya panya?"

"Tutaona, Mama."

"Mimi sioni! Wewe mwenye macho uniambie unaona nini!"

Hata hivyo Papa alikuwa ameshafika mlangoni. Mbegu yetu ilikwenda kwa Mama Zaina. Kwetu ulibaki mfuko mmoja wa nyembamba, zile zilizoelea.

Mvua iliyofuata Papa alifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alifungua tumbo la tarare, akaongeza mwanya wa upepo kwa kung'oa ubao mmoja, akamwaga nyembamba zote juu, akanipa mkono wa chuma. "Mbio," akasema. "Leo ukimbie kweli." Nilizungusha mpaka mabega yakawaka. Upepo ulirusha karibu kila kitu nje. Kilichobaki mdomoni kilikuwa konzi chache. Akazoa zilizorushwa, akazimwaga tena juu, akaufunga upepo kidogo, tukaanza upya. Mara tatu, mara nne, kila mara akigeuza kitu kidogo, akisikiliza kwa sikio moja mvua na kwa sikio la pili mashine. Musa aliokota zilizoanguka chini. Koko alikaa na sufuria lake la maji, anajaribu konzi baada ya konzi kwa vidole, anatoa hukumu: "Haifai. Haifai. Hii, ngoja. Hii imezama."

Kutoka mfuko mmoja wa punje zilizokataliwa, mashine ile ilitoa debe moja la punje zinazozama. Debe moja. Papa alilibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua. Nilitazama punje zile nikazitazama tena. Kwa macho hazikuwa na tofauti yoyote na zile nyingine. Sanduku lilizijua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba babu yangu hakuwa mjinga kuacha kitanda.

Njia ya mashamba ilipofunguka tulipanda nusu ya shamba letu, nusu nyingine tukatia mihogo. Niliamka kila asubuhi nikaenda kutazama. Siku ya sita hakuna kitu. Siku ya saba hakuna kitu. Siku ya nane nilimkuta Papa amepiga magoti mwisho wa mstari, uso karibu na udongo, nikadhani anaumwa. Aliniita kwa kidole. Mistari ya kijani, myembamba kama uzi, ilikuwa imesimama kutoka mwanzo hadi mwisho, ina mapengo mengi, lakini imesimama. Tulirudi nyumbani tukamwambia Koko, naye akasema, "Niliwaambia nini?" kana kwamba hakuwahi kutukana mtu.

Mavuno yetu yalikuwa madogo, tulikula ugali wa mihogo mpaka meno yakachoka. Shamba la Mama Zaina lilitoa mpunga ambao watu walipita kuutazama. Alikuja na mkokoteni, magunia mawili, akasema moja ni letu. Papa alikubali haraka mno, nikashangaa. Akalimwaga lile gunia letu kwenye tarare, sasa ikiwa na kitambaa chekundu kilichopigiliwa msumari kwenye mdomo wenyewe wa mbegu, ili upande wa mbegu uonyeshwe na mashine yenyewe, si na mto. Tukazungusha. Alipomaliza, akafunga punje nene, akamrudishia yeye. Akabaki na nyembamba.

"Weye Papa Feza uko na kichwa nguvu," Mama Zaina alimwambia.

"Niko na deni ya wali ya arobaini," Papa akasema, na wote wawili wakacheka mpaka Koko akauliza kuna nini.

Papa amefariki, Koko amefariki. Tarare ililiwa na mchwa wakati mimi nikiwa mbali, natembea. Mwaka jana nilirudi Kindu, na nilipopita karibu na soko la upande wa Kasuku nilisikia mlio kutoka bohari ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Mlio laini, kama mtu anayepumua kwa meno. Miguu ilinipeleka yenyewe.

Ilikuwa mashine nyeupe, ndefu, inakula umeme wa jua. Kijana aliyeisimamia, Trezo, alikuwa na nyaya za muziki masikioni na kidole gumba kwenye simu. Ukimtazama, nadhani kidole hicho ndicho kiungo pekee chenye misuli. Lakini alikuwa na adabu, akanivutia kiti.

"Mama, ikae mbali mukono yako. Ile inapiga kila punje picha."

"Kila punje?"

"Kila punje. Ikiona nyeusi, ama jiwe, ama iliyovunjika, inaipulizia upepo, puu, inatoka."

Sikukaa. Nilisimama mbele ya kioo chake nikatazama mchele ukishuka kama pazia, maelfu kwa maelfu, na ndani ya pazia lile punje moja moja zikirukia pembeni kama zimeitwa kwa jina. Macho yalinilowa, sioni haya kusema. Lile wazo letu la mtu mdogo mwenye mikono mingi, wamelijenga. Papa angelala pale pale bohari mpaka wamfukuze kwa fimbo.

Nilimwuliza Trezo mbegu inatokea upande gani. Akacheka kwa heshima. "Mbegu haiko hapa, Mama. Yote ni ya kuuza. Mwenye kutaka mbegu ananunua paketi."

"Na ikikosea?"

Alitoa waya sikio moja. "Haikosei. Ikikosea tunaizima, tunaiwasha tena."

Enzi zetu mashine ilikuwa moja kwa nyumba nane, na ilipotumiwa vibaya tulikula kosa pamoja na tukalilipa pamoja, kila mtu kwa njaa yake. Leo kila mmoja anabeba mfuko wake uliosafishwa vizuri na kufunga mlango wake. Nilinunua kilo mbili, nikapeleka kwa dada yangu mdogo, tukapika mchana ule ule. Wali ulitoka mweupe, hauna jiwe hata moja, hauna punje iliyovunjika. Watoto wa dada walikula huku wanatazama simu zao. Nilikula sahani mbili, nikausifu, na ulistahili sifa. Ila muda wote nilipokuwa natafuna, sikio langu moja lilikuwa mlangoni, linangoja mtu abishe hodi, avue kofia, aseme amekosea yeye.